Beta majike kwenye tangi dogo: nilidanganywa, nikamdanganya na mwenzangu

Kimya kilikuwa kirefu kidogo, mnisamehe. Umeme kitaani kwetu ulikuwa na mambo yake, na hela ya kukaa kafe nayo ilikuwa ya kubangaiza. Leo naomba tuachane kidogo na siasa na Bongo Fleva, tuongelee samaki. Najua kuna watakaosema "samaki tena?" Ndiyo, samaki. Na si wa kukaanga.

Swali ninaloulizwa sana tangu niweke tangi la kioo sebuleni kwetu ni hili: beta majike unaweza kuwaweka wengi pamoja kwenye tangi moja dogo? Jibu langu la leo ni HAPANA. Nasema "la leo" kwa sababu miezi michache iliyopita nilikuwa najibu ndiyo, tena kwa kujiamini kama mtu aliyesomea. Na kuna dogo wa jirani alinisikiliza. Nitafika huko.

Kwa wasiomjua, beta ni yule samaki mdogo wa mapambo mwenye rangi kali, dume lake lina mapezi marefu kama shela ya bibi harusi. Wengine humwita samaki mpiganaji wa Siamu. Siamu ndiyo Thailand ya leo, na huko ndiko kwao. Wenyewe wanamwita pla kat, maana yake samaki anayeng'ata. Jina la kitaalamu, Betta splendens, alipewa na Mwingereza Charles Tate Regan mwaka 1910. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ikamtangaza kuwa kiumbe wa majini wa taifa. Yaani kama sisi na twiga wetu, wao na beta.

Kila mtu anajua kwamba madume wawili hawakai pamoja. Hilo hata muuza samaki asiyejua kitu atakwambia. Shida iko kwa majike.

Mimi niliingia kichwa kichwa. Nilikuwa na tangi alilonitengenezea fundi vioo wa mtaani: urefu sentimita 40, upana 25, kimo 25. Zidisha hizo namba tatu halafu gawanya kwa 1,000, unapata lita 25. Ukitoa kokoto za chini na nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 20. Kwa lugha nyepesi, ni ile ndoo yetu ya kuchotea maji. Moja tu. Hili la ndoo naomba mlikumbuke maana ndiyo habari yote.

Nikaenda Kariakoo kwenye duka moja la samaki wa mapambo. Nilitaka dume mmoja. Jamaa akaniambia, "Dogo, dume atakaa mpweke. Chukua majike, hawana ugomvi. Weka hata sita." Nikamuuliza, "Una uhakika kaka?" Akacheka. "Mimi nauza samaki wewe hujazaliwa." Basi, nikanunua wanne, hela yote niliyolipwa kwa kuchapa barua na sisivii za watu mwezi mzima ikaishia pale. Nauli ya kurudi ilibaki ya kwenda tu, kipande cha mwisho nikatembea na mfuko wa maji mkononi kama nimebeba yai.

Mdogo wangu wa kike akawapa majina siku hiyo hiyo. Mwekundu akawa Pipi, wa bluu Malkia, mweupe Zuhura, na yule mweusimweusi Chausiku. Nawaambia, wiki ya kwanza wageni wote waliokuja kwetu walikuwa wanakaa wakitazama tangi badala ya televisheni. Mama ambaye mwanzo alilalamika kwamba naleta mbu ndani, akawa anawaonyesha mashoga zake.

Kulikuwa na kukimbizana kidogo. Pipi alikuwa akimfuata Zuhura, anamgusa mkia, Zuhura anasogea. Mimi nikasema wanacheza. Wadau, samaki hawa hawachezi. Kilichokuwa kinaendelea mle ni kupanga nani mkubwa. Beta majike wakiwekwa pamoja hugombania cheo: mmoja anakuwa juu, wengine wanafuata, na wa mwisho anabeba mzigo wa wote. Cheo kikishapangwa kunakuwa na utulivu, na huo utulivu ndiyo mtego. Ulidumu kwangu wiki tatu. Wiki tatu ni muda wa kutosha kabisa kwa mtu kama mimi kujiona mtaalamu.

Ni kwenye hizo wiki tatu ndipo dogo wa jirani alipokuja. Yuko kidato cha pili, mama yake anauza barafu na yeye ndiye anayezitembeza jioni, anapewa chochote kila siku. Akaniuliza, "Bro, na mimi nikiweka watatu kwenye lile kontena letu la plastiki itakuwaje?" Kontena lenyewe haliingii hata lita 10. Nikamwambia poa tu, majike hawapigani. Maneno ya muuza samaki yakatoka kwangu kama yangu. Akaenda akanunua.

Wiki ya nne Zuhura akaacha kula. Akawa anakaa pembeni nyuma ya filta, mapezi yamebana mwilini, na ubavuni ametoka mistari ya ulalo toka kichwani kwenda mkiani. Baadaye nimekuja kujua kwamba mistari ile kwa beta ni dalili ya hofu na mateso (usichanganye na mistari ya wima, ile jike huitoa akiwa tayari kutaga). Mimi nikadhani ni maji, nikabadilisha maji. Asubuhi moja mdogo wangu akaniamsha: "Kaka, Zuhura amelala." Mkia ulikuwa umebaki kishina.

Hapo ningejifunza, lakini wapi. Nikasema basi, mgomvi na mgomvi wake wameshamalizana, watatu waliobaki watatulia. Kumbe ukimtoa mmoja kwenye kundi, hata awe wa mwisho, cheo kinapangwa upya. Siku ya pili tu Pipi akahamia kwa Chausiku. Siku ya tatu Malkia naye akamgeukia Pipi, wakatanuliana mashavu uso kwa uso, wakang'atana, magamba nayaona yanashuka chini kama chenga za karatasi. Nikawatenganisha kwa ndoo na beseni la mama la kuoshea mchele (nilisemwa, acha tu). Chausiku mapezi yalikuwa yameshaanza kuoza. Siku nne akiwa kwenye ndoo peke yake, naye akaondoka. Kwa hiyo wanne, wakabaki wawili.

Nikakumbuka dogo. Nilivuka uchochoro nikiwa na kandambili za mguu mmoja mmoja. Kufika, mmoja wake alikuwa ameshakufa tangu juzi. Akaniambia, "Nilijua nimekosea mimi kumlisha." Hakunilaumu hata kidogo, alijilaumu mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hela yangu yote, na ndiyo sababu nimekaa leo kuandika hii kitu vizuri badala ya kujifanya haikutokea.

Sasa tuje kwenye kwa nini.

Anza na kwao. Beta wa porini anaishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani mengi: vinamasi, mitaro, na mashamba ya mpunga. Aliyewahi kufika Kilombero au Mbarali afikirie majaruba ya mpunga, maji ya magotini, mashina yamejaa kila mahali. Beta wawili wakikutana pale, wanatunishiana, mmoja anaona hawezi, anakata kona nyuma ya majani. Mita moja tu na hawaonani tena. Kesi imekwisha. Kwa hiyo kule hukimbia, na kukimbia kunafanya kazi. Kwenye tangi la sentimita 40 anayekimbia anafika ukutani kwa sekunde moja, na akigeuka anamkuta mwenzake yuko pale pale. Yule mkubwa naye haelewi kwamba mwenzake ameshasalimu amri, anachoona ni mtu aliyekataa kuondoka kwenye eneo lake. Anaendelea kumpiga. Si roho mbaya, ni kioo.

Halafu kuna suala la damu. Watu wa Thailand wamefuga samaki hawa muda mrefu sana. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha ufugaji ulianza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na sehemu kubwa ya muda huo walikuwa wakichagua madume yanayoshinda mapigano. Utauliza, majike yanahusikaje? Mwaka 2019 watafiti Andreia Ramos na David Gonçalves walitoa kazi yao waliyolinganisha majike wa ukoo wa mapigano na majike wa asili ya porini. Majike wale wa ukoo wa mapigano hawakuwahi kupambanishwa na hakuna aliyewachagua kwa ugomvi, aliyechaguliwa ni baba. Lakini walikuwa wagomvi kuliko wale wa porini. Yaani ukali wa baba unashuka mpaka kwa binti. Na wewe ukinunua beta dukani hujui baba yake alikuwa nani. Kwa hiyo ile kauli ya "madume ndiyo wanaopigana" haina miguu. Tofauti ni kwamba madume hupigana dakika ile ile unapowaweka, majike wanaweza kukuvutia muda.

Kitu cha tatu sikukisoma popote mwanzoni, nilikiona kwa macho halafu nikakielewa baadaye. Beta anapumua hewa. Ana matamvua kama samaki wengine, lakini juu yake, ndani ya kichwa, ana kiungo chenye mikunjomikunjo kinachomwezesha kuchukua hewa ya kawaida kama mimi na wewe. Ndiyo maana anaweza kuishi kwenye maji yaliyotuama ambayo samaki wengine wangekufa, na ndiyo maana wauzaji wanamweka kwenye kikombe na watu wanadhani anapenda kikombe. Sasa kupumua hewa maana yake ni kwamba LAZIMA apande juu mara kwa mara. Hana hiari. Kwenye tangi langu Pipi alikuwa anazungukazunguka juu. Zuhura akipanda kuvuta hewa anakula kibano, anashuka. Anajificha, pumzi inakata, anapanda tena, kibano tena. Ukilinganisha, ni kama mtaa mzima una bomba moja na kwenye bomba amesimama mtu anayekudai. Kwenye tangi kubwa lenye mimea inayoelea kuna mahali pengi pa kupandia. Kwenye ndoo ya lita 20 mahali ni pamoja tu.

Hapo kuna mjanja atasema: "Nimesoma kwamba ukiweka wengi, watano au sita, ugomvi unagawanyika, hakuna anayeonewa peke yake." Ni kweli hilo linasemwa na wafugaji wengi, na lina mantiki yake: ukiweka wawili, mmoja atakuwa bondia na mwingine gunia. Ndiyo maana wafugaji wanaojaribu kundi huanzia watano kwenda juu. Lakini wanaongelea tangi kubwa! Ukichukua ushauri huo ukauweka kwenye tangi dogo, unakutana na tatizo la pili, nalo ni maji.

Samaki anatoa amonia, kwa matamvua na kwa kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia pia. Ni sumu, inaunguza matamvua. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye kokoto, wao huigeuza amonia kuwa naitraiti (nayo ni sumu), kisha kuwa naitreti, ambayo ina afadhali na unaitoa kwa kubadilisha maji. Hao bakteria huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye tangi jipya. Mimi tangi langu lilikuwa na siku mbili nilipoweka samaki wanne. Na joto linaongeza tatizo: maji yakiwa ya moto zaidi, sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa katika hali ile yenye sumu. Kwetu Dar maji ya moto hatuna haja ya kuyatafuta. Samaki mwenye vidonda vya kung'atwa akiogelea kwenye maji ya namna hiyo, mapezi yanaoza, hayaponi.

Mmeona mtego ulivyo? Ukiweka wachache wanaonea mmoja. Ukiweka wengi unachafua maji. Tangi dogo linakufunga kote kote. Hakuna namba sahihi ya beta majike kwa lita 20 zaidi ya MOJA.

"Mbona intaneti kuna picha za majike kumi pamoja wamependeza?" Zipo, nimeziona na mimi, zilinipa hamu hizo hizo. Swali la kumuuliza mwenye picha ni kama bado wako kumi. Hata Zuhura ana picha nzuri sana kwenye simu ya mama, ya wiki ya pili.

Haya, mtu ataniuliza, je, haiwezekani kabisa? Sitaki kudanganya tena kwa upande mwingine. Kuna wanaofanikiwa, ila masharti yao si ya kitoto. Tangi la lita 75 kwenda juu, na refu kuliko kwenda kimo, kwa sababu samaki anakimbia kwa ulalo hakimbii kwa wima. Ukimwambia fundi vioo akutengenezee la futi 3 kwa futi 1 kwa futi 1, utapata kama lita 85. Ndani liwe limejaa mimea mpaka ukikaa upande mmoja huoni upande wa pili, na mingine inaelea juu. Maji yawe yamekomaa kwa wiki zile nilizotaja. Majike wawe wa umri mmoja, ikiwezekana ndugu waliokua pamoja, na waingie wote siku moja, maana anayeingia wa mwisho anaingia kwenye nyumba ya watu. Na hapa ndipo wengi tunaposhindwa: uwe na chombo cha akiba kwa kila samaki, kwa sababu siku kundi likivunjika huwezi kuanza kutafuta ndoo saa tano usiku. Hata ukitimiza yote hayo, kundi linaweza kutulia miezi na likavunjika siku moja bila taarifa. Wafugaji wengi wazoefu siku hizi wanashauri uache tu, na mimi niko upande huo. Mwenye hela ya lita 85 anunue samaki wanaopenda kuishi kwa kundi.

Kitu kingine, hakikisha kweli ni jike. Kuna aina ya beta dume wenye mapezi mafupi, na dume mchanga wa aina yoyote bado hajaota mapezi. Anauzwa kama jike bila hata muuzaji kujua. Jike aliyekomaa ana kidoto cheupe tumboni, nyuma kidogo ya mapezi ya chini, pale mayai yanapotokea. Angalia hicho, ingawa madume wachanga wengine nao huonyesha kitu kama hicho, kwa hiyo kisiwe ushahidi pekee.

Kama tayari unao pamoja kwenye tangi dogo na unasoma hii, usisubiri mwisho wa mwezi. Ukiona mapezi yamebana, mistari ya ulalo, samaki anakaa kona moja muda wote, haji kula, gamba limetoka au mkia umechanika, mtoe leo. Wa kumtoa kwanza ni aliyeumia, ndoo safi inatosha kwa muda, yenye maji ya joto sawa na ya tangini. Ifunike na chandarua au kitambaa chepesi, beta anaruka. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini ipungue, isipokuwa kama maji yenu yanatiwa kloramini, hiyo haiondoki kwa kuacha wazi, inataka dawa ya kutibu maji ya samaki. Maji ya kisima Dar pima kwa ulimi kwanza. Visima vyetu vingi vina chumvi, na huyu ni samaki wa maji baridi.

Baada ya hapo una njia mbili za bei rahisi. Moja ni kila mmoja na chombo chake, lita 15 hadi 20, kwa kila mmoja kichaka cha mimea au kipande cha chungu cha kujifichia. Ya pili ni kugawa tangi kwa ukuta katikati, lakini hiyo inafaa kama tangi lako lina lita 40 hivi ili kila upande ubaki na maji ya maana. Ukuta uwe wa kitu kisichoonyesha upande wa pili, na uende mpaka juu ya maji. Mimi fundi vioo alinipa kioo cha giza kilichobaki kwenye madirisha ya mtu.

Jike mmoja kwenye lita 20 anaishi vizuri tu, wala hana upweke kama alivyoniambia yule jamaa. Kwao porini kila beta ana eneo lake. Maji yawe nyuzi joto 25 hadi 28. Dar miezi mingi huhitaji kitu, lakini wadau wa Mbeya, Njombe, Iringa na Arusha, nyie bila hita mtamuua kwa baridi. Badilisha robo ya maji kila wiki. Umeme ukikatika usipaniki, beta anavuta hewa ya juu, atavumilia kuliko samaki wengi, ila sponji ya filta isikauke maana bakteria wako humo.

Chakula chake cha asili ni wadudu, na viluwiluwi vya mbu anavipenda balaa. Hapa nina ombi. Kuna watu wanaacha ndoo ya maji uani makusudi ili wapate viluwiluwi. Kumbukeni homa ya dengue iliyotuchapa Dar mwaka 2014 na tena 2019, mbu wake ndiye huyo huyo anayezaliana kwenye maji ya ndoo na matairi. Ukiokota viluwiluwi mahali, vichote vyote na maji uyamwage. Usifuge mbu ili kulisha samaki. Na ukichoka na samaki wako usimtupe mtoni wala mtaroni, beta ameshaota mizizi kwenye maji ya nchi kadhaa zisizo kwao kwa tabia hiyo. Mpe mtu.

Kwetu sasa hivi Malkia yuko kwenye tangi la zamani peke yake, na anamjua mdogo wangu, akimwona anakuja kwenye kioo. Pipi yuko kwenye tangi dogo la pili dirishani, bado ana kiburi kile kile, anajitunishia kivuli chake. Dogo wa jirani wawili wake waliobaki wanaishi mbali mbali, mmoja kwenye kontena lile lile na mwingine kwenye kopo kubwa la rangi tulilolisugua mpaka mikono ikachubuka, tukalijaza maji tukayamwaga karibu wiki nzima. Linafaa kwa muda tu. Tunachangishana fundi vioo amtengenezee tangi la kweli. Nusu natoa mimi, ni deni langu.

Ukiwa na swali liandike hapo chini, nikipata hela ya kafe nitajibu. Ila tafadhali, kabla hujauliza "naweza kuweka wangapi", pima tangi lako kwa rula na uandike urefu, upana na kimo.